Jamaa Anayetugeuzia Mgongo

Mchoro huu unaujua hata kama jina lake hulijui. Mwanamume amesimama juu ya jiwe jeusi, koti la kijani, fimbo mkononi, nywele zimechezewa na upepo. Mbele yake ni ukungu mtupu, na vilele vya miamba vinatokeza humo kama visiwa. Uso wake hatuuoni. Ametugeuzia mgongo. Umemwona kwenye jalada la kitabu cha falsafa, kwenye memu, na bila shaka kwenye stetasi ya rafiki yako aliyeacha kazi mwezi uliopita akaandika kwamba anaanza ukurasa mpya.

Caspar David Friedrich, Mjerumani, alimchora mnamo 1818 hivi. Siku hizi mchoro uko kwenye makumbusho ya Kunsthalle mjini Hamburg, na ni mdogo kuliko unavyodhani: haufiki hata mita moja kwenda juu. Ni kati ya kazi zinazotajwa kwanza mtu akizungumzia kile ambacho walimu wetu wa fasihi hukiita Ulimbwende. (Neno lenyewe lina vituko vyake. Mtaani mlimbwende ni mshindi wa mashindano ya urembo.) Ni ile miaka ya kutoka mwisho wa karne ya 18 hadi kama katikati ya karne ya 19, wachoraji na washairi wa Ulaya walipochoka na akili iliyopigwa pasi, wakataka dhoruba, mlima, ndoto, moyo unaofurika.

Nina ugomvi na huyu jamaa. Si na Friedrich, huyo nitamtetea baadaye. Ugomvi wangu ni na maisha ambayo jamaa ameishi huku kwetu, kati ya Ruiru na Thika, ambako hakuna makumbusho hata moja yenye mchoro wake na bado amejaa kila mahali.

Chukua Kilimambogo. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, ule mlima unaouona upande wa mashariki ukiwa Thika, uko peke yake kwenye tambarare kama ng'ombe aliyelala. Kimo chake ni mita 2,145. Hewa ikiwa safi utaona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Wikendi vijana wa Thika, Juja na Ruiru hupanda kwa makundi, askari wa wanyamapori akiwa nao kwa sababu ya nyati, maana hilo jina la mbogo halikutoka hewani. Wakifika juu kila mtu anangoja zamu yake. Unasimama ukingoni. Unampa mpiga picha mgongo. Mikono hewani au kiunoni. Halafu unapakia. Mimi ninazo nne kama hizo kwenye simu na sizifuti, nilipendeza.

Sasa, kabla hujafika kileleni kuna kaburi. Hapo amelala William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka wa 1872, akaja huku, akapewa cheo cha Sir na Waingereza na akamiliki maelfu ya ekari, likiwemo lile shamba la Juja alikomkaribisha Theodore Roosevelt mwaka wa 1909 alipokuja kuwinda. Alifariki 1925. Husimuliwa kwamba alitaka kuzikwa juu kabisa, lakini mwili ulikuwa mzito na mlima mkali, wakamzika pale walipofika. Mkewe, Lucie, yuko kando yake. Jina lao unalikuta pia Nairobi mjini, kwenye Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia akasoma.

Hebu fikiria mtu anayetaka kuendelea kutazama mandhari hata akiwa amekufa. Kwa McMillan kuona na kumiliki vilikuwa kitu kimoja: unasimama juu, unatazama hadi macho yanapokomea, na karibu kila kinachoonekana kina hati yenye jina lako. Watu walioko huko chini, Wakamba upande huu na Wakikuyu upande ule, wanaochunga na kulima na kudaiwa kodi ya kichwa, kutoka juu ni vidoa. Ukungu ukiingia, hata vidoa havipo. Mandhari imebaki safi.

Ndiyo maana nasema jamaa wa Friedrich akiletwa huku anabadilika tabia. Anakuwa mwenye shamba.

Na hapa ndipo nimtetee mchoraji. Ukiutazama mchoro wenyewe polepole, huyo bwana hamiliki kitu. Haoni kitu! Ukungu umefunika bonde lote. Jiwe linaishia miguuni pake, na hatua moja zaidi ni kuanguka. Hata mahali penyewe hapapo: Friedrich alichora miamba tofauti tofauti ya milima ya Elbe, kila moja kwenye karatasi yake, kisha akaiunganisha alipokuwa chumbani kwake pa kazi. Wapo wataalamu wanaosema lile koti ni la mpiganaji wa vita dhidi ya Napoleon na kwamba tunayemtazama ni marehemu, mchoro ni kumbukumbu yake. Mimi sihitaji kwenda mbali hivyo. Inanitosha kwamba ni mchoro wa mtu asiyejua kilichoko chini yake, na hajifanyi anajua. Waliomchukua walichukua mkao wakaacha ukungu.

Kuna wazo la zamani kidogo nyuma ya haya yote. Mwaka wa 1757 Edmund Burke, Mwairlandi, alitoa kitabu akieleza kwamba kitu cha kutisha kinaweza kutupa raha, mradi kisitukaribie sana. Radi ni tamu ukiwa ndani ya nyumba yenye paa. Wazo hilo utalikuta katika michoro mingi ya Ulimbwende: maporomoko, barafu inayovunja meli, volkano, na mtazamaji aliye salama kiasi cha kufurahia woga wake.

Ukitaka kulipima, teremka mlimani uende Fourteen Falls, iko karibu tu. Mto Athi unafika kwenye ukingo wa mwamba mpana na kuanguka kwa mikondo mingi sambamba, kimo cha kama mita 27. Ni pazuri, sitaki utani. Lakini lile povu jeupe ambalo kila mtu anatafuta pembe ya kulinasa halitokani na kasi ya maji peke yake. Mto Nairobi unaingia Athi kabla ya hapo, ukiwa umebeba maji taka ya jiji, na kuna siku harufu inakufikia kabla ya mngurumo.

Halafu kuna vijana wanaoruka. Nilipokwenda mara ya mwisho mmoja alinijia, kaptula inachuruzika, miguu mitupu kwenye jiwe linaloteleza.

"Madam, nikurukie? Mia mbili tu."

"Uruke kutoka wapi?"

"Pale juu kabisa. Lakini ushike simu vizuri, usinikose nikiwa hewani."

Akapanda, akaruka. Picha niliipata: kidoa cheusi, mikono imetandazwa, maji nyuma yake kama ukuta. Alitoka upande wa pili akikohoa na kucheka, akaja kuchukua pesa yake, akauliza kama nataka pia kuvushwa kwa mashua. Woga mtamu wa Burke ulikuwa wangu, niliyesimama mahali pakavu. Yeye alikuwa kazini. Na ukitafuta picha za Fourteen Falls zinazotumika kuvutia wageni, mara nyingi utapata maji, miti, upinde wa mvua. Huyo kijana hayumo. Mtu akiingia kwenye fremu anaharibu ukubwa wa maumbile, ama anakumbusha bei.

Hii tabia ya kumtoa mtu majini ina historia ndefu, na mfano wake mbaya kuliko yote ninaoujua unahusu mchoro mzuri kuliko yote wa J. M. W. Turner. Mwaka wa 1840, mwaka ambao wapinga utumwa wa nchi nyingi walikutana London, Turner alionyesha kazi inayoitwa kwa kifupi Meli ya Watumwa. Jina kamili linasema wazi: wauza watumwa wakiwatupa baharini waliokufa na wanaokufa, tufani inakuja. Nyuma yake kuna kisa cha meli ya Zong, ambako mwaka wa 1781 zaidi ya Waafrika 130 walitupwa majini na wenye meli wakaenda kudai bima, kama watu waliopoteza magunia. Kwenye mchoro meli iko mbali, jua linazama, bahari nzima ni damu na dhahabu. Kisha macho yako yanashuka kona ya kulia. Mguu umetokeza juu ya maji, una pingu, na samaki wameuzunguka.

Mhakiki maarufu wa wakati huo, John Ruskin, aliupenda mchoro huo hadi akasema kwamba akilazimishwa kuegemeza jina la Turner juu ya kazi moja tu, atachagua huu. Akaueleza kwa ufasaha wa ajabu: mawimbi, mwanga, vivuli, rangi juu ya rangi. Na wale watu? Aliwaweka kwenye tanbihi. Kweli kabisa, chini ya ukurasa, maelezo mafupi kwamba meli ni ya watumwa na kwamba maiti zimetapakaa baharini. Baba yake alimnunulia mchoro akautundika nyumbani, akaishi nao miaka, mwishowe akaona mada yake inamuumiza mno, akauuza. Siku hizi uko Boston. Mimi huyo Ruskin namfikiria kila nikisoma uhakiki, wangu ukiwemo. Mtu anaweza kuwa na macho makali kuliko wote na bado akatazama mguu wenye pingu akaona rangi ya machweo.

Turudi barabarani. Panda matatu Thika, keti dirishani, uhesabu mabango kabla hujafika Ruiru. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Hapa palikuwa nchi ya kahawa kila upande, na hata taasisi ya utafiti wa kahawa bado iko Ruiru, lakini mibuni inang'olewa na panapandwa mawe ya ploti. Bango la ploti ni mchoro wa mandhari kama mwingine wowote. Lina kanuni zake: nyasi za kijani hadi upeo wa macho, mlima kwa mbali hata kama haupo upande huo, anga la asubuhi, familia moja imesimama imetupa kisogo ikiangalia mahali nyumba itakapokuwa. Ndiyo, tena wametugeuzia mgongo. Waliochuma kahawa pale hawamo. Hamna shimo la choo, hamna foleni ya maji.

Chini ya bango hilo hilo anapita mwenye punda na mkokoteni, mitungi ya lita ishirini imepangwa nyuma, anapeleka maji kwenye magorofa ambayo mfereji wake hukohoa hewa. Kila nikimwona namkumbuka John Constable na Mkokoteni wa Nyasi, kazi ya 1821 ambayo Waingereza huichapisha hadi kwenye vikombe vya chai. Mkokoteni umesimama mtoni, nyumba kushoto, mbwa kando ya maji, mawingu makubwa yanapita. Miaka mitatu baadaye Wafaransa waliupa medali ya dhahabu Paris. Wavunaji wamo, ila utahitaji kuusogelea kabisa: ni vitone vyeupe kwenye shamba la mbali. Mwaka uliofuata kuchorwa kwake, vibarua wa mashariki ya Uingereza walikuwa wanavunja mashine za kupura nafaka kwa sababu ya njaa na ujira duni. Kwenye mchoro ni saa ya chakula cha mchana milele.

Hata hivyo Constable siwezi kumweka kapu moja na wenye mabango. Alikuwa mtoto wa mwenye kinu, alikulia kwenye mto huohuo, anajua gurudumu likiloa linakuwaje na farasi anasimamaje akiwa na maji magotini. Mchora bango hajawahi kugusa udongo wa Ruiru ukiwa umelowa. Angeugusa angeuchora mwekundu, na umenata kwenye viatu.

Kuhusu kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 sitasema mengi, kwa sababu kila mtu akitaja Thika mbele ya mgeni lazima kitabu hicho kitajwe, kisha ile tamthilia ya televisheni ya 1981, kisha mgeni anauliza kama miti bado ipo. The Flame Trees of Thika. Jina lina miti, lina mji, mtu hamna. Nawaachia hapo.

Kuna mchoraji wetu anayewasoma hawa wazee wa Ulaya bila kuwapigia magoti, naye ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984. Huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda hukitumia pia kuzikia. Gome lina matundu na mishono, halilali sawasawa, na rangi inalazimika kuvuka makovu hayo. Mwaka wa 1818 ya Friedrich, Goya naye alikuwa Hispania, mzee, kiziwi, akichonga mfululizo wa picha za giza zinazoitwa Disparates, ambazo hazikuchapishwa kama mkusanyo hadi 1864, yeye akiwa ameshakufa. Katika moja yao, kundi la watu limeketi juu ya tawi kavu kama vile wako sebuleni, chini yao hakuna kitu. Armitage alilichukua tawi hilo. Katika The Fourth Estate, ya 2017, tawi limekuwa mti wa mkutano wa siasa wa Kenya mwaka ule wa uchaguzi, umejaa wafuasi waliopanda ili waone.

Kwa nini Goya na si Friedrich? Jibu langu ni hili. Friedrich anahitaji mtu mmoja na kimya. Mkutano wetu hauna kimya. Na mtu aliyepanda mti kwenye mkutano ana haja mbili kwa pamoja, aone jukwaa na jukwaa limwone. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, picha zilizojaa kwenye simu zetu zilikuwa za namna hiyo: zimepigwa kutoka katikati ya watu, mkono wa mtu mwingine umeingia, moshi, bendera imeziba nusu. Hakuna aliyekuwa na mlima wa kusimama. Ni picha mbovu kwa kanuni za mandhari, na nimezitazama mara nyingi kuliko zile nne zangu za Kilimambogo. (Mtauliza mbona simtaji Delacroix na yule mwanamke wake wa Uhuru mwenye bendera. Ametumika sana, apumzike.)

Kama ningepewa ruhusa ya kupeleka nakala ya mchoro mmoja Kilimambogo, ikatundikwa pale tunapongoja zamu ya kupigwa picha, ningepeleka Chelezo cha Meduse cha Théodore Géricault. Alikichora kati ya 1818 na 1819, karibu sawa na yule jamaa wa ukungu, lakini hiki ni kikubwa, karibu mita tano kwa saba, kinajaza ukuta pale Louvre. Meli ya serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikielekea Senegali, koloni lao, ilikwama karibu na pwani ya Mauritania mwaka wa 1816. Nahodha alikuwa amepewa kazi kwa kujuana. Wakubwa wakachukua mashua, na watu karibu 150 wakarundikwa kwenye chelezo cha mbao kilichoungwa haraka, kisha kamba ikaachiliwa. Walipookolewa baada ya siku 13 walikuwa 15.

Géricault aliwapanga kama mlima. Chini ni maiti na mzee aliyekata tamaa. Katikati wanainuka, wananyoosha mikono. Kileleni, juu ya migongo ya wenzake, yuko mtu mweusi amebebwa akipunga kitambaa. Aliyemkalia mchoraji kama mfano anajulikana kwa jina la Joseph, mtu wa Saint-Domingue, ambayo wakati huo tayari ilikuwa Haiti. Na mwangalie vizuri: yeye pia ametugeuzia mgongo. Uso wake hatuuoni. Ila yeye hatazami mandhari. Anaomba aonekane.

Anayempungia ni meli iitwayo Argus. Katika mchoro wote huo, Géricault aliipa nafasi isiyozidi ukucha, doa kwenye mstari wa upeo. Unaweza kusimama mbele yake dakika nzima usiione. Lazima uanzie kwa huyo wa juu, ufuate mkono wake, kisha kitambaa, ndipo uanze kutafuta baharini.